Ukienda Saint Helena kwa Boti ya Matanga, Fika na Akiba ya Kuondokea

Wanaopanga kuvuka Atlantiki ya Kusini kwa boti ya matanga huniuliza: Saint Helena kuna maduka? Yapo. Hata hivyo, ushauri wangu ni kwamba ukiwa Cape Town ujaze boti kana kwamba kisiwa hicho hakipo. Unga, mchele, maharage, gesi ya kupikia, dawa na vipuri vitoshe hadi Brazili, tena vibaki vya wiki mbili. Kisiwani katafute maji, mboga mbichi, dizeli ya kujazia na usingizi wa usiku mzima.

Kutoka Cape Town hadi Jamestown, mji mkuu na bandari ya kisiwa, ni maili za bahari 1,700 hivi, na mbele yako zitabaki nyingine 1,800 hivi kufika pwani ya Brazili. Kisiwa chenyewe kina watu wasiofika 5,000, na sehemu kubwa ya wanachokula huletwa na meli ya mizigo. Ndege za abiria zilianza safari za kawaida mwaka 2017, lakini ndege haiwezi kubeba viazi na vitunguu vya kisiwa kizima. Kwa hiyo ratiba ya meli ndiyo inayoamua utakuta nini. Ukifika meli ikiwa imeshusha mzigo juzi, utachagua. Ukifika siku chache kabla haijatia nanga, utakuta rafu zimebaki na makopo.

Hapo ndipo ninapowasihi mabaharia wenzangu. Boti kadhaa zikiingia pamoja na kila moja ikabeba mayai trei tatu na kabichi zote zilizopo, wewe utaondoka, mwenyeji atabaki anasubiri meli. Muulize mwenye duka mzigo unaofuata unakuja lini kabla hujaanza kujaza kikapu. Kama bado, chukua kidogo. Mkulima akikuuzia malenge au ndizi za shambani kwake, hiyo ni bora zaidi: yeye kapata soko, nawe umepata kitu ambacho hakijapita kwenye jokofu.

Nguvu ya kisiwa hiki imekuwa ni kuhudumia vyombo vya baharini. Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki ilikishika mwaka 1659 ili meli zake zinazorudi kutoka Asia zipate maji na chakula kibichi. Mfereji wa Suez ulipofunguliwa mwaka 1869, njia ya meli za Asia ikahamia huko na meli za kupita hapa zikapungua. Desturi ya kumpokea baharia haikuondoka nazo.

Kabla ya kufika, maliza matunda na mboga zilizobaki, maana sheria za kulinda mimea na wadudu wa kisiwa ni kali na hutaruhusiwa kushuka nazo. Asali usiifikirie kabisa; nyuki wa pale wanalindwa sana. Andaa hati ya bima ya matibabu, utaulizwa. Beba pauni taslimu: noti za Uingereza zinapokelewa, lakini pauni ya Saint Helena unayorudishiwa chenji haitakufaa ukifika Brazili, basi itumie yote. Ukikaribia, ita bandari kwa redio ya VHF, na uombe boya la kufungia boti badala ya kudondosha nanga, kwa sababu ghuba ya James, iliyo mbele ya Jamestown, ina kina kikubwa.

Kushuka gatini kunahitaji utulivu. Mawimbi marefu huingia hata siku isiyo na upepo, na boti ya abiria hupanda na kushuka mbele ya ngazi za mawe zenye utelezi. Juu ya ngazi zimening'inizwa kamba. Unasubiri boti ipande, unashika kamba kwa mikono miwili, unakanyaga jiwe pale boti inapofika juu kabisa, kabla haijaanza kushuka. Ndiyo maana manunuzi yawe kwenye begi la mgongoni, na mayai yafungwe kwenye chombo kigumu. Mikono iwe mitupu. Madumu ya maji na dizeli yapitishwe kwa kamba, na usimwache mtu mmoja ayabebe huku anaruka.

Ukirudi botini, acha maboksi nje. Mende hutaga kwenye makunjo ya karatasi, na wakishaingia chini ya mbao za sakafu ni shida ya safari nzima. Osha mboga, zikauke kabisa kivulini ndipo uzipange. Viazi na vitunguu viwekwe mbalimbali, vikikaa pamoja huharibika upesi. Ndizi zining'inizwe mbali na kila kitu, kwani zikiiva hutoa gesi inayoivisha na za jirani. Kabichi usiikate, bandua majani ya nje kadiri unavyokula, itakufikisha mbali. Mayai nunua yasiyowahi kuwekwa kwenye jokofu, yasioshwe, na uyageuze kila baada ya siku mbili. Ukilitilia shaka lolote, litumbukize kwenye kikombe cha maji: linaloelea litupe.

Maji yajaze mwisho, asubuhi ya kuondoka, na uonje kila dumu kabla ya kumimina kwenye tangi. Usiweke yote kwenye tangi moja. Na usikihesabu kisiwa cha Ascension, kilicho maili 700 hivi kaskazini-magharibi, kuwa duka lako la akiba: kuingia kule kunahitaji kibali cha mapema, na maduka yake ni machache kuliko ya Jamestown.