Doki Haionekani Laptopu Ikiamka: Usikimbilie Kubadili Bodi

SWALI: Habari mtaalamu. Natumia laptopu ya ofisi iliyounganishwa na doki ya USB-C. Kwenye doki kuna monita mbili, kibodi, kipanya na waya wa mtandao. Asubuhi kila kitu kinafanya kazi. Nikienda kula, laptopu inalala, na nikirudi nakuta kibodi inawaka lakini monita zote mbili zinasema hakuna mawimbi, mtandao nao haupo. Nikichomoa waya wa doki na kuchomeka tena, mara nyingine inarudi. Fundi wa kwanza alipiga Windows upya, ikatulia siku chache kisha tatizo likarudi. Wa pili anasema porti imeungua, inatakiwa bodi nyingine, ile sakiti kuu ya laptopu. Nikubali? Au niizuie laptopu isilale kabisa? (Mhasibu, Dodoma)

JIBU: Usikubali. Maelezo yako yenyewe yanamkana huyo fundi wa pili: umesema ukichomoa na kuchomeka, inarudi. Kitu kilichoungua kimeungua asubuhi, mchana na jioni. Hakingoji mwenye laptopu aende kula ndipo kiungue, kisha akirudi kipone. Hukumu hii ya "porti imeungua" naletewa kila mara, na mara nyingi laptopu inayokuja nayo haina kidonda chochote. Iliamka vibaya tu.

Tuanze na kinachotokea laptopu ikilala. Doki si kipande cha plastiki chenye matundu mengi. Ndani yake kuna chipu zenye programu yake, na kabla picha haijafika kwenye monita, laptopu na doki lazima zikubaliane: nani anampa mwenzake umeme, volti ngapi, waya upi upitishe picha na upi upitishe data. Ni kama mgeni anavyopiga hodi, akaitikiwa karibu, ndipo akaingia. Laptopu ikilala, hukata mazungumzo hayo au huyapunguza sana. Ikiamka inatakiwa ipige hodi upya. Tatizo ni kwamba doki, kwa kuwa ina umeme wake wa ukutani, haikulala. Yenyewe inaamini mgeni bado yuko sebuleni, kwa hiyo haiitiki. Ukichomoa waya unailazimisha doki ikubali kuwa mgeni alishaondoka, na hodi inayofuata inaitikiwa.

Na kibodi kuwaka wakati monita ni giza kusikuchanganye. Kiunganishi cha USB-C kina pini 24, na kazi zimegawanywa. Jozi moja ya nyaya inabeba USB ya zamani, ile 2.0, ambayo inawatosha kibodi na kipanya. Jozi nyingine nne zenye kasi ndizo zinabeba picha na data nzito. Kuna na uzi mwingine wa mazungumzo tu. Kwa hiyo fundi anayekuambia "kibodi inafanya kazi, basi waya ni mzima" amepima njia moja akatoa cheti kwa zote.

Sasa Windows. Ugonjwa wa mafundi wetu kupiga Windows kwa kila kitu umenichosha. Laptopu nzito, piga Windows. Sauti haitoki, piga Windows. Monita haionekani, piga Windows. Na kinachoudhi zaidi ni kwamba hapa kazi hiyo huonekana imefaulu. Kwa nini? Kwa sababu wakati laptopu iko kwa fundi, doki imebaki mezani kwako, labda umeichomoa hata ukutani, na hali iliyokuwa imekwama ndani yake imefutika. Laptopu nayo imewashwa na kuzimwa kikweli mara kadhaa. Inarudi, unachomeka, inakubali. Fundi anapewa sifa ambayo ilistahili kwenda kwa swichi ya ukutani. Siku chache baadaye doki inakwama tena, kwa sababu programu ya ndani ya doki na BIOS ya laptopu, yaani programu ya msingi inayoiwasha kabla ya Windows, ni zilezile za mwanzo. Windows haikaii humo.

Nimesema kuzimwa kikweli kwa makusudi. Tangu Windows 8 ya mwaka 2012, ukibonyeza Shut down kwenye laptopu nyingi hauizimi yote. Kiini cha mfumo pamoja na draiva zake, yaani programu zinazoendesha vifaa, vinahifadhiwa kwenye diski ili kuwaka kuwe kwa haraka. Draiva iliyokuwa imechanganyikiwa jioni inaamka imechanganyikiwa asubuhi. Restart haina ujanja huo, inaanza moja. Kwa hiyo mtu akikuambia "nimezima nikawasha, bado", muulize kama alifanya Restart.

Fanya hivi tatizo likitokea tena. Usikimbilie kuchomoa waya. Kinachokupa jibu ni kujua ni kitu gani hasa kikiguswa ndipo picha inarudi. Kwanza zima monita moja kwa kitufe chake, uiwashe. Ikirudi, monita ndiyo iliyolala usingizi mzito. Ingia kwenye menyu yake uzime huo usingizi mzito pamoja na kujitafutia chanzo cha picha. Isiporudi, bonyeza kwa pamoja Windows, Ctrl, Shift na B. Skrini itapepesa, na huko ni kuiamsha upya draiva ya picha. Monita zikirudi hapo, shida ni draiva ya picha, na dawa yake ni draiva ya kutoka kwa mtengenezaji wa laptopu. Zikikataa, sasa chomoa waya wa USB-C kwenye laptopu na urudishe. Ikirudi hapo, ni yale mazungumzo niliyoyaeleza: BIOS na programu ya doki. Ikikataa hata hapo na ikarudi tu baada ya kuchomoa umeme wa doki ukutani na kusubiri kama dakika moja, basi doki ndiyo iliyoganda, na laptopu yako haina hatia.

Kuna doki za aina nyingine ambazo hazipitishi picha moja kwa moja. Zinaibana picha, zinaituma kama data ya kawaida ya USB, na doki inaifungua upande wa pili. Teknolojia yake inayojulikana zaidi ni DisplayLink. Hizo haziendi bila programu yake kuwekwa kwenye laptopu, na fundi akishapiga Windows bila kuirudisha, au akarudisha toleo la zamani, usishangae. Angalia karatasi iliyobandikwa chini ya doki, uandike namba ya modeli, halafu utafute kwa mtengenezaji ni ya aina gani.

Kwa maelezo yako, mimi ningeanza na kusasisha vitu vitatu: BIOS ya laptopu, programu ya ndani ya doki, na draiva ya picha. Vyote vipakuliwe kwenye tovuti ya mtengenezaji, kwa namba ya modeli yako. Ila kabla hujabonyeza kitufe, mambo mawili. Umeme ukikatika katikati ya kusasisha doki, unaweza kubaki na tofali, doki isiyowaka tena. Usijipe moyo kwamba laptopu ina betri: betri ni ya laptopu, doki inakula umeme wa ukutani. Ichomeke kwenye UPS, lile boksi lenye betri ya akiba. Jambo la pili, laptopu ya ofisi mara nyingi diski yake imefungwa kwa BitLocker, kufuli la Windows la kulinda data, na kugusa BIOS kunaweza kuifanya idai ufunguo wa kufungulia, namba ndefu ya tarakimu 48. Kama huna ufunguo huo mkononi, usiguse. Waite watu wa TEHAMA wa ofisini kwako. Nashangaa kwamba laptopu yenye hesabu za ofisi imeshapita kwa mafundi wawili wa mtaani, lakini hilo utalijibu kwa mwajiri wako, si kwangu.

Mtandao kupotea ni jambo la pembeni lenye sababu yake. Kadi ya mtandao iliyo ndani ya doki inaonekana na Windows kama kifaa cha USB, na Windows ina ruhusa ya kukizima ili kuokoa umeme. Fungua Device Manager, tafuta kadi hiyo kwenye orodha ya mitandao, fungua sifa zake, na kwenye kichupo cha Power Management uondoe alama ya ruhusa ya kukizima. Kwenye laptopu za karibuni kichupo hicho huenda kisiwepo kabisa. Usitafute mchawi, ni kwa sababu zinalala kwa namna nyingine.

Namna hiyo uijue. Fungua dirisha la amri (Command Prompt), andika powercfg /a, usome orodha ya juu, ya hali zinazopatikana; ya chini ni ya zisizopatikana. Ukiona S3 kwenye orodha ya juu, laptopu yako inalala usingizi wa zamani: karibu kila kitu kinakatwa umeme, kumbukumbu tu inabaki. Ukiona S0 hapo, hailali hasa, inasinzia kama simu, mtandao unaweza kuendelea chinichini. Vifaa vinazimwa na kuamshwa kimoja kimoja, na hapo ndipo doki nyingi zinapopotea. Wapo wanaofundisha kwenye video kubadilisha rejista ya Windows, daftari la mipangilio yake ya ndani, ili kuiua S0 na kulazimisha S3. Laptopu nyingi mpya hazina S3 kwenye BIOS zake. Ukifuata ushauri huo unabaki na laptopu isiyojua kulala kwa namna yoyote, unaifunga, unaitia kwenye begi inawaka, na unaifikisha nyumbani ikiwa ya moto.

Ndiyo maana kuhusu kuizuia isilale, jibu langu ni: kwa muda, sawa. Ikiwa kwenye umeme, weka isilale, na ukienda kula ifunge kwa Windows na L. Jioni tumia Hibernate, ambayo huenda ukalazimika kuiwasha kwanza kwenye mipangilio ya umeme. Hiyo inaandika kila kitu kwenye diski kisha inazima, kwa hiyo asubuhi laptopu na doki zinaanza mazungumzo kutoka sifuri. Lakini huko ni kulikwepa tatizo wakati ukitafuta dawa.

Kabla hujaondoka, geuza adapta ya doki uisome. Doki nyingi zinazouzwa mitaani kwetu ni zilizotumika Ulaya au zilizopitia Dubai, na huja rundo kwa rundo, doki huku, adapta kule. Muuzaji anatafuta adapta inayoingia kwenye tundu, basi. Doki iliyotengenezwa kwa adapta ya wati 130 au 180 unapewa yenye wati 65 au 90. Laptopu ikiwa imelala inadai kidogo. Ikiamka, prosesa inataka, betri inataka, monita zinataka picha, vyote kwa mara moja, na doki yenye njaa huweza kujizima na kujiwasha. Waya nao una siri yake: waya wa USB-C usio na chipu ndani unaruhusiwa kupitisha wati 60 mwisho. Kwa nje unafanana kabisa na ule wa wati 100. Tumia uliokuja na doki, na kama ulipotea, nunua ulioandikwa uwezo wake, mfupi iwezekanavyo.

Nikirudi kwa mafundi, maana si wewe peke yako. Kuna programu zinazojitangaza kusasisha draiva zote kwa kubonyeza mara moja. Ziondoe. Zinakuwekea draiva ya kifaa kinachofanana na chako, na doki ni kifaa kisichopenda kufananishwa. Kuna Windows za kupiga zenye kiamshi cha wizi, yaani programu ya kuifanya Windows isiyolipiwa ionekane halali, ambazo mara nyingi huja zimezimwa masasisho ili wizi usigundulike. Ukiwekewa hiyo, hakuna draiva mpya itakayokufikia, na umemkaribisha usiyemjua kwenye kompyuta yenye mishahara ya watu. Kuna wanaochokonoa porti kwa sindano na kuisugua kwa mswaki wenye thina. Porti ambayo ilikuwa nzima inaingia dukani ikiwa na pini 24 na kutoka ikiwa na pungufu, na hapo sasa kweli bodi inahitajika.

Fundi akikutajia bodi, mwambie achomeke laptopu yako kwenye doki nyingine mbele yako, kisha laptopu nyingine kwenye doki yako, zote zilale na kuamka. Laptopu yako ikishindwa kwenye doki zote mbili, na ile nyingine ikawa sawa kwenye doki yako, mna la kuzungumza. Akisema hana doki ya kujaribia, amekuambia pia kwamba hajapima, na bei ya bodi ameitoa kichwani.