Kwa nini eksirei, ikiwa leza tayari inauona mtetemo?

Mkuu, umeuliza kwa nini watu wahangaike na mashine kubwa za eksirei kupima sauti ndani ya fuwele za semikondakta zenye matabaka, wakati leza ya mezani inaonyesha mwanga unaoakisiwa ukipanda na kushuka. Nimepima kwa njia zote mbili, nakujibu kwa niliyoyaona.

Fuwele yetu ilikuwa tabaka la galiamu asenidi, juu yake aluminiamu asenidi, kisha hivyo hivyo tena na tena, kila jozi nanomita 16. Sauti humo hukimbia karibu kilomita 5 kwa sekunde, kwa hiyo huvuka jozi moja kwa pikosekunde 3 na ushei (pikosekunde ni sehemu moja ya trilioni ya sekunde). Ukiipiga leza ya nanomita 800, galiamu asenidi huumeza mwanga, jirani yake huupitisha tu. Aliyemeza huvimba ghafla, humbana mwenzake, na ngoma imeanza.

Leza ya kupimia itakuambia ngoma inalia. Atomu zimesogea kiasi gani, hapo inakwama, maana mwanga unaorudi umechanganya habari za elektroni na za atomu. Wimbi la eksirei ni fupi kama nafasi kati ya atomu zenyewe, kwa hiyo linaweza kupima zimesogea kiasi gani.

Lakini pembe ndiyo kila kitu. Usiku wetu wa kwanza tuliikalisha fuwele kwenye kilele kikuu cha Bragg, yaani pembe ambako eksirei zinazorudi kutoka matabaka ya atomu huungana nguvu, kwa kuwa ndiko kwenye fotoni (chembe za mwanga) nyingi. Saa zikapita tukiona kilele kinajongea polepole kwa joto, basi. Kile hupima wastani wa matabaka yote: moja likivimba na jingine likibanwa, wastani hautikisiki. Alfajiri mwenzangu akaigeuza hadi kwenye kilele kidogo cha pembeni, kinachozaliwa na kule kujirudia kwa jozi. Mwanga hafifu mno, ila kikaitika: juu, chini, juu, kila pikosekunde 3 na kitu. Sijawahi kufurahia mchoro wenye kelele nyingi namna ile.

Kabla hujaomba muda wa mashine, uliza urefu wa mpigo wake. Sinkrotroni nyingi, zile mashine za duara zinazozungusha elektroni ili zitoe eksirei, hutoa mipigo ya makumi ya pikosekunde hadi 100, na mtetemo huu unafutika wote humo. Utahitaji leza ya elektroni huru, mashine ya eksirei yenye mipigo mifupi zaidi, au kamera ya kufagia, inayotandaza mpigo mmoja kwa wakati, yenye kasi ya kutosha. Na kioo cha kuchelewesha leza, kinachoirefushia njia, kisogeze kwa subira: mwanga huenda na kurudi, hivyo milimita 0.15 tu ni pikosekunde 1 nzima.