Bakapu ya video za harusi mtandaoni: piga kwanza hesabu ya siku ya kurudisha

Kamera inayorekodi 4K kwa megabiti 100 kwa sekunde hula gigabaiti 45 kwa saa. Kamera mbili, saa 6 za kurekodi kuanzia bibi harusi anapopambwa mpaka keki inakatwa ukumbini, ni gigabaiti 540. Ukipata na sendofu wiki hiyohiyo, unagusa terabaiti. Nafasi ya bure ya Google, gigabaiti 15 ambazo barua pepe na picha zako nazo zinakula humohumo, ni dakika 20 za kamera moja tu.

Wengi huanza kwa kulinganisha bei ya terabaiti kwa mwezi, na hapo ndipo wanapokosea. Anza na siku mbaya. Diski imekufa Jumatano, inagonga tik, tik, na kompyuta haiioni. Familia inataka video Ijumaa. Faili zitarudi baada ya muda gani, na kwa shilingi ngapi? Harusi hairudiwi, kwa hiyo swali hili ndilo linalochagua huduma.

Chukua Glacier Deep Archive, ghala la mtandaoni la Amazon la faili zisizoguswa mara kwa mara. Katika vituo vya Marekani terabaiti moja ni kama dola 1 kwa mwezi, bei inayovutia kweli. Lakini faili zimelala: ukizihitaji unaomba ziamshwe, na unasubiri hadi saa 12, au hadi saa 48 ukichagua njia ya bei nafuu. Kisha kupakua kunatozwa kama senti 9 za dola kwa kila gigabaiti baada ya 100 za kwanza za mwezi, yaani zaidi ya dola 80 kwa terabaiti moja. Ukifuta kabla ya siku 180, unalipia siku zilizobaki. Hapo ni mahali pazuri pa kazi uliyokwisha kuikabidhi. Kazi iliyo mezani usiiweke huko.

Wasabi, huduma nyingine ya kuhifadhi mtandaoni, haitozi kupakua, mradi kwa mwezi usishushe zaidi ya ulichohifadhi. Ila kiwango cha chini cha kulipia ni terabaiti 1, na kwa malipo ya kawaida ya kila mwezi, faili utakayoifuta kabla ya siku 90 utailipia hadi zitimie. Mwenye mazoea ya kufuta picha ghafi mara tu mteja akichukua kazi ataumia hapo. Backblaze ya kompyuta binafsi, inayonakili kompyuta yako mtandaoni yenyewe, haina kikomo cha ukubwa, lakini kwa mpangilio wa siku 30, diski ya nje isiyochomekwa muda huo hufutwa kule kwao. Diski zako zikikaa kabatini miezi miwili miwili, huduma hiyo haikufai.

Google Drive, OneDrive na Dropbox kazi yao ya msingi ni kusawazisha. Ukifuta folda kwenye laptopu, inafutika na kule. Kirusi kikifunga faili zako, zilizofungwa ndizo zinazopanda. Pipa la taka la Google hutunza kwa siku 30, na wengi hugundua folda haipo mwezi wa tatu. Unaweza kuzitumia, ila pakia kama kumbukumbu na usiiache folda ya kazi ijisawazishe yenyewe. Jua pia kwamba Google hupokea hadi gigabaiti 750 kwa siku kwa akaunti moja, na OneDrive haichukui faili moja inayozidi gigabaiti 250.

Sasa kasi. Ukipima intaneti, soma namba ya kupakia. Ya kushusha ndiyo inayoandikwa kwenye mabango. Megabiti 10 kwa sekunde ni gigabaiti 4.5 kwa saa, na harusi yetu ya 540 ni siku 5 kamili bila kupumzika. Kwa uhalisia mtandao hukunyima kama asilimia 20, basi ni siku 6 na robo. Harusi ya Jumamosi ijayo inakukuta bado unapakia ya Jumamosi iliyopita. Kabla ya kusaini faiba, muulize fundi kasi ya kupakia ni ngapi na kama kuna kiwango cha matumizi ambacho ukikipita unapunguziwa spidi. Na panga foleni: sauti na faili za mradi kwanza, sehemu zisizorudiwa kama kiapo zifuate, dansi za ukumbini mwisho.

Usiitegemee waya peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika, na intaneti ya Tanzania na Kenya ikadorora. Diski ya pili iliyolala nyumba nyingine, hata kwa shangazi, ingali na kazi yake.

Katika kupakia, kosa kubwa ni kufungasha harusi nzima kwenye zipu moja. Video haipungui kwa zipu, na umeme ukikatika upau ukiwa asilimia 93, unaanza sifuri. Acha klipu kama zilivyotoka kwenye kamera. Kupakia kwa kivinjari nako kuache. Tumia programu ya huduma yenyewe au rclone, programu ya bure ya kunakili faili kwa amri za kuandika, ambayo hugawa faili vipande na kurudia kipande kilichokwama. Kompyuta ikizimika, klipu zilizokuwa njiani tu ndizo zitakazoanza upya. Zima usingizi wa laptopu, na ruta iwe kwenye UPS, betri inayoshika umeme ukikatika.

Ukitumia rclone, amri ni `copy`. Amri ya `sync` hufuta kule kila kisichokuwapo huku, na folda tupu ya huku husafisha ya kule bila huruma. Kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 5 usiku ibane isiwanyime wengine mtandao: `--bwlimit "08:00,512k 23:00,off"`. Ikimaliza, endesha `rclone check`, ilinganishe faili za huku na za kule.

Malipo: ni dola, na kadi pepe isiyo na salio siku ya makato huanzisha safari ya kufungiwa akaunti. Weka salio la miezi miwili. Misimbo ya akiba ya kuingilia ichapishe kwenye karatasi, maana laini ya simu inayopokea misimbo ya kuingia huibiwa. Ukifunga faili kwa nywila yako mwenyewe, ukiisahau hakuna wa kukufungulia.

Kila miezi mitatu shusha klipu moja ya gigabaiti 20 kwenye kompyuta nyingine. Kwa megabiti 20 ni saa 2 na robo hivi. Ifungue kwenye programu ya kuhariri, itazame katikati na mwisho. Na memori kadi usizifute mpaka `check` ipite bila kosa na klipu moja ya kila kadi iwe imefunguka ikitoka kule juu.