Kwa mnaoanza kuandaa maonyesho ya filamu za Myanmar

Wadogo zangu, nimepitia rasimu za katalogi mlizoniletea msimu huu na nimekuta makosa yaleyale niliyodhani tumeshaachana nayo. Najua mnakesha mkikagua faili, na kazi yenu naipenda. Ila haya lazima niyaseme.

1. Acheni kuandika kwamba sinema ya Myanmar "imezaliwa" mwaka 2011, utawala wa kijeshi ulipolegea. Tarehe 13 Oktoba 1920 Yangon ilikuwa tayari inaonyesha Myitta Nit Thuyar ya mwongozaji Ohn Maung, filamu bubu ya mtu anayeangamizwa na pombe na kamari, mwigizaji mkuu akiwa Nyi Pu. Mwaka 1935 huyohuyo Nyi Pu alikuwa Japani, anaongoza na kuigiza filamu ya ndugu wawili marubani. Tuzo za taifa za filamu zilianza 1952. Halafu jeshi la Jenerali Ne Win likatwaa madaraka mwaka 1962, na ukaguzi wa serikali ukabana kila kitu. Anayeanzia 2011 anawafanya watazamaji waamini kwamba nchi ile haijawahi kuwa na kitu zaidi ya wanajeshi.

2. Majina hayageuzwi. Watu wengi kule hawana jina la ukoo, kwa hiyo Thu Thu Shein, mmoja wa waanzilishi wa tamasha la filamu la Wathann, kwenye orodha ya majina anakaa kwenye T, si kwenye S.

3. Anayeomba asitajwe, asitajwe popote. Hapa mtanivumilia, maana hili bado linaniuma.

Baada ya mapinduzi ya kijeshi ya Februari 2021, mtayarishaji Ma Aeint alikamatwa Yangon mwezi Juni mwaka huohuo. Filamu ya Myanmar Diaries ilipoonyeshwa Berlin mwaka 2022, ikashinda tuzo ya filamu ya makala, Wamyanmar walioitengeneza walijitambulisha kama kundi tu, bila jina la mtu hata mmoja. Kila mtu kwenye kazi hii aliliona hilo. Sisi pia tuliliona. Tulipopokea filamu fupi ya mwongozaji aliyeomba jina lake lifichwe, tulilitoa kwenye bango, tukalitoa kwenye katalogi, tukapitia hata orodha ya majina ya mwisho wa filamu mstari kwa mstari. Tukajiona tumemaliza. Kumbe faili la trela tulilowatumia waandishi wa habari lilikuwa bado linaitwa kama mwongozaji mwenyewe alivyoliita siku anahariri: jina la filamu, kistari, halafu jina lake kamili. Na ukifungua faili la manukuu, yaani tafsiri inayoandikwa chini ya picha, kwa programu ya kawaida ya maandishi, mstari wa kwanza ulimshukuru mfasiri kwa jina, na mfasiri huyo alikuwa na mama na wadogo zake Mandalay.

Aliyegundua ni mwandishi mmoja mwungwana, akatupigia badala ya kuchapisha. Usiku ule tuliwaandikia wapokeaji wote mmoja mmoja, tukiwaomba wafute. Wengine walijibu asubuhi, wengine hawakujibu kabisa. Kumpigia mwongozaji na kumweleza ilikuwa simu ngumu. Hakufoka. Aliuliza tu ni watu wangapi wanalo faili hilo, akanyamaza, kisha akasema itabidi ahamishe watu nyumbani.

Sasa nakuta kwenye folda zenu faili zenye majina ya watu, na picha za mazungumzo baada ya onyesho zinazoonyesha sura za Wamyanmar waliokaa mstari wa mbele. Jamani! Faili lipewe namba siku linapoingia, kabla hata hujalitazama. Sifa za faili, yaani maelezo yaliyojificha ndani yake kama jina la aliyelitengeneza, zifutwe. Picha za ukumbini zipigwe kutoka nyuma, na tangazo kuhusu picha litolewe kabla taa hazijazimwa. Ukiwa na shaka, muulize mwenye filamu, hata kama umeshamuuliza jana.

4. Manukuu ya Kibama, lugha kuu ya Myanmar, yakitokea kama viboksi na herufi zilizovurugika, aghalabu yaliandikwa kwa Zawgyi, mfumo wa zamani wa kuandika Kibama kwenye kompyuta, nawe unayasoma kwa Yunikodi, mfumo wa kimataifa wa herufi. Yabadilishe kwanza, ndipo umlaumu mfasiri.

5. Mkanda wa zamani ukinuka siki, unaoza; usiuweke kwenye projekta. Funga kopo, litenge na mengine, mwite mtunzaji. Filamu za Myanmar za kabla ya Vita vya Pili vya Dunia zilizosalia ni chache mno. Mya Ga Naing ya 1934 ni kati ya hizo, na imekarabatiwa. Ni filamu bubu, kwa hiyo mkiiweka kwenye ratiba, tafuteni wanamuziki mapema na muwape nakala ya mazoezi.