Nyumba inayopakana na shule ya msingi: tununue au tuache?

Swali

Habari za kazi, wataalamu. Mimi na mke wangu tumepata nyumba ya vyumba vitatu Kinyerezi, Dar es Salaam. Kiwanja ni kama mita 20 kwa 25, kipo upande wa bondeni, na ukuta wa nyuma ndio ukuta wa shule ya msingi ya serikali. Mwenye nyumba ana hati ya mauziano yenye muhuri wa serikali ya mtaa. Hati miliki hana, anasema urasimishaji unaendelea. Uani kuna kisima cha kuchimba. Tuna watoto wawili, wa miaka minne na saba. Mke wangu anaona tumebahatika. Mimi naogopa kelele, na naogopa bei siku tutakapotaka kuuza. Tukague nini kabla ya kutoa pesa?

Jibu

Ndugu msomaji, kelele zina dawa. Mpaka hauna, na kwa maelezo yako mpaka ndio wenye shaka kuliko yote. Tuanze na huo.

Shule nyingi za serikali mijini zilianzishwa kabla eneo lake halijapimwa, na makazi yakaja kuzizunguka hadi kwenye viwanja vya michezo. Wanafunzi walipokuwa wachache hakuna aliyefuatilia. Elimu bila ada ilipoanza mwaka 2016 idadi ikapanda, na mwaka 2021 Serikali ikaanza kujenga madarasa 15,000 nchi nzima kwa fedha za mkopo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF) wa kukabili athari za UVIKO-19. Kila shule inapotafuta pa kuweka darasa jipya au matundu ya vyoo, michoro ya zamani hutolewa kabatini na mipaka hupimwa upya. Hapo ndipo nyumba iliyokaa miaka mingi bila kuulizwa hujikuta imechorwa X nyekundu ya kubomolewa ukutani.

Muuzaji atakwambia amekaa zaidi ya miaka 12 na shule haijawahi kumsumbua. Hilo lisikutulize. Ukomo wa miaka 12 katika madai ya ardhi ni wa watu binafsi. Serikali inayo miaka 60 ya kudai. Na mgogoro ukifika mahakamani, tangu marekebisho ya sheria ya mwaka 2020 kuishtaki halmashauri kunakwenda kama kuishtaki Serikali Kuu: unatoa notisi ya siku 90, Mwanasheria Mkuu wa Serikali anaunganishwa, na shauri linaanzia Mahakama Kuu. Gharama za wakili peke yake zinaweza kula akiba mliyobakiza.

Muhuri wa serikali ya mtaa unaonyesha kwamba viongozi walishuhudia mauziano. Hauonyeshi kwamba ukuta umesimama mahali pake. Neno "urasimishaji unaendelea" nalo lina hatua nyingi ndani yake, kwa hiyo muulize muuzaji amefika hatua ipi na akuonyeshe karatasi ya hatua hiyo. Kwanza mchoro wa mipango miji huandaliwa na kuidhinishwa, ukapata namba. Baada ya hapo wapimaji wanaweka bikoni (alama za mpaka) na ramani ya upimaji inaidhinishwa. Mwisho ndipo hati inaandaliwa na kusajiliwa. Kama mchoro haujaidhinishwa, anachokuuzia ni matumaini pamoja na tofali.

Nenda mwenyewe, usimtume dalali, kwenye ofisi ya mipango miji ya Halmashauri ya Jiji. Omba kuona mchoro wa eneo hilo na uangalie kiwanja chako kimeandikiwa matumizi gani. Yapo maeneo ambayo mchoro unaonyesha "shule" au "eneo la wazi" hadi katikati ya nyumba ya mtu. Kisha mlipe mpimaji aliyesajiliwa aje na kifaa chake cha GPS cha upimaji (si simu, ambayo hukosea kwa mita kadhaa), achukue alama za pembe zako nne na kuzilinganisha na mchoro wa shule. Mwambie akuandikie ripoti fupi yenye koodineti (namba zinazoonyesha mahali) za kila pembe. Ukikuta ukuta umeingia shuleni hata mita moja na nusu, jua msingi wake, shimo la choo na pengine ukuta wa jiko vimo humo.

Katika urasimishaji majirani husaini kukubali mipaka. Upande wako wa nyuma jirani ni shule, basi uliza nani alisaini. Mwalimu mkuu anaweza kushuhudia mpaka unapopita, na ni vizuri awepo yeye na mwenyekiti wa kamati ya shule siku mpimaji anapokuja. Lakini hana mamlaka ya kumgawia mtu ardhi ya shule. Karatasi inayosema "mwalimu mkuu aliruhusu" haina nguvu. Unachohitaji ni barua ya halmashauri.

Jambo la pili ni maji, na nalipa uzito kwa sababu umesema kiwanja kipo upande wa bondeni. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Jengo la madarasa matatu lina paa la kama mita za mraba 200. Mvua ya milimita 60 kwa siku, ambayo masika Dar es Salaam si ajabu, inamwaga lita 12,000 kutoka paa hilo moja. Shule yenye majengo matano ya aina hiyo inamwaga lita 60,000, na uwanja wake umekanyagwa na miguu ya watoto hadi umekuwa mgumu kama saruji, haunywi maji. Yote hayo yanatafuta njia ya kushukia, na njia ni kwako.

Kagua ukuta wa nyuma kwa karibu, kuanzia chini. Mstari wa udongo mwekundu uliokauka kwenye tofali unaonyesha kimo ambacho maji hufika. Unga mweupe unaochanua juu ya plasta ni chumvi iliyoletwa na unyevu unaopenya kutoka upande wa pili. Kozi ya chini ya tofali ikiwa imelika na saruji inapukutika ukiikwaruza kwa ufunguo, maji yamekuwa yakisimama hapo kwa misimu. Halafu angalia kama udongo wa shule upo juu kuliko uani kwako. Ukuta wa tofali za inchi sita uliojengwa kwa ajili ya kuzuia macho haukujengwa kushikilia udongo; ukibebeshwa udongo wa mita moja ulioloa, siku moja utalala, na kwenye mpaka wa shule unaweza kulalia watoto. Hapo panatakiwa ukuta wa kingo uliosanifiwa na mhandisi, wenye msingi mpana, kokoto nyuma yake, na matundu ya kutolea maji ya bomba la inchi mbili au tatu kila baada ya mita moja na nusu hivi. Pata makadirio ya gharama zake kabla hamjakubaliana bei, kwa sababu hiyo ndiyo hoja yenye nguvu ya kupunguziwa. Ukuta ukiwa wa pamoja, ulizia pia nani aliujenga na nani atautengeneza.

Kisima sasa. Shule kwa kawaida huweka vyoo nyuma kabisa ya eneo lake, na nyuma ya shule ndiko nyuma ya nyumba yako. Mwongozo wa vyoo vya shule nchini ni tundu moja kwa wasichana 20 na tundu moja kwa wavulana 25. Shule yenye wasichana 500 na wavulana 500 inastahili kuwa na matundu 45, na hata kama hayajafika idadi hiyo leo, ndiko inakoelekea. Kisima kinatakiwa kiwe angalau mita 30 kutoka kwenye shimo la choo. Kiwanja chako kina mita 25 kwa upande mrefu, kwa hiyo kama vyoo vimeegemea ukuta wenu, ni vigumu kupata kona ya uani inayokidhi, na chemba yako mwenyewe ya majitaka bado hujaihesabu. Peleka sampuli ya maji maabara ipimwe bakteria wa kinyesi na naitreti. Wakiwemo, maji hayo yabaki ya kufulia na kumwagilia; ya kunywa na kupikia mvute ya bomba ya DAWASA. Matokeo yakiwa safi kiangazi, pima tena mwishoni mwa masika, maana maji ya ardhini yakipanda ndipo hukutana na uchafu wa mashimo.

Upepo nao uangalie. Kusi huvuma kutoka kusini kuanzia kama Aprili hadi Septemba, na kaskazi hutoka kaskazini-mashariki kuanzia karibu Novemba hadi Machi. Mkikagua nyumba mwezi Julai mkaona hewa ni safi, harufu ya vyoo, vumbi la uwanja na moshi wa jiko la uji vinaweza kuwa upande wa pili vikisubiri kaskazi. Simama uani, tafuta vyoo na jiko viko upande gani, halafu fikiria upepo wa msimu mwingine. Moshi utapungua kadiri agizo la Serikali la kuacha kuni na mkaa kwenye taasisi zinazolisha watu zaidi ya 100 linavyotekelezwa.

Kelele nilisema zina dawa, ila zijue kwanza. Shule ya kutwa ina ratiba: mchakamchaka na paredi alfajiri, kengele (mara nyingi rimu ya gari inayogongwa kwa chuma), mapumziko ya saa nne, na watoto wanatoka mchana. Shule zenye wanafunzi wengi hugawa zamu mbili, na hapo kelele zinaendelea hadi jioni. Usiku, likizo ya Juni na ya Desemba pako kimya kuliko mitaa mingi ya Dar es Salaam. Kinachosumbua zaidi ni spika: mahafali ya darasa la saba, bonanza, ibada au sherehe zinazokodishiwa uwanja mwishoni mwa wiki. Muulize mlinzi wa shule, na jirani asiyekuwa na maslahi kwenye mauzo, uwanja hukodishwa mara ngapi. Nendeni mara tatu: Jumatatu saa 12:30 asubuhi, siku ya kawaida saa nne, na Jumamosi jioni.

Kwenye uwanja wa wazi, kila umbali unapozidishwa mara mbili kutoka kwenye chanzo, sauti hupungua kama desibeli 6. Kutoka ukutani hadi dirishani mita 3 na kutoka ukutani hadi dirishani mita 12 ni nyumba mbili tofauti. Ukuta husaidia pale tu unapoficha chanzo cha sauti, na lazima uwe mzima bila matundu ya urembo. Madirisha ya vioo vya nako hayazuii kitu hata yakifungwa. Upande wa shule weka ya alumini yenye mpira mzuri na kioo cha milimita 6, na ikiwezekana badilisha matumizi ya vyumba ili stoo, choo na jiko viwe huko, vyumba vya kulala upande wa pili. Kwa hewa, feni au kiyoyozi inatosha. Ila tazama kama kuna nguzo za ghorofa zilizoanza. Jijini ardhi imebana na shule zinajenga madarasa ya ghorofa. Baraza la ghorofa ya kwanza likikutazama uani, ukuta wa futi nane hausaidii tena.

Mipira itaanguka uani na mwembe utapigwa mawe. Vioo vya chupa juu ya ukuta na uzio wa umeme upande huo usiweke, mtoto atapanda kufuata mpira. Kisima na chemba vifunikwe kwa mfuniko mzito wenye kufuli.

Mke wako naye ana hoja ya kweli. Mtoto wa miaka saba kutembea dakika tatu kwenda shule, bila nauli ya basi, bila kuamka saa kumi na moja, bila kuvuka barabara kuu, ni kitu kikubwa katika jiji hili. Lakini nenda kwanza ofisini kwa mwalimu mkuu uulize nafasi, idadi ya watoto kwa darasa na darasa la awali linaandikisha lini; kuwa jirani hakukupi kiti. Kwa sekondari nyumba haisaidii sana, kwa kuwa wanafunzi hupangiwa shule wanapomaliza shule ya msingi.

Kuhusu kuuza baadaye, yote yanategemea lango. Nyumba iliyo mkabala na lango ina bodaboda, magari ya wazazi na wachuuzi mlangoni, lakini ina thamani ya biashara: fremu mbili za steshenari na vitafunwa hupata mpangaji. Kumbuka kubadili matumizi ya kiwanja kunahitaji kibali cha halmashauri, na sigara haziuzwi kwa walio chini ya miaka 18. Nyumba ya nyuma kama yako haina fremu wala msongamano. Wateja wake ni familia na walimu wanaopanga, na watanunua kwa bei nzuri ikiwa tu ina hati. Bila hati benki nyingi hazitamkopesha mnunuzi wako.

Vipimo vikikaa sawa, nunueni. Mpimaji akionyesha nyumba yenyewe imeingia shuleni, acheni hata bei ishuke nusu. Ukiwa umeingia ukuta tu, ubomolewe na kujengwa upya kwenye mpaka wa kweli kwa gharama ya muuzaji, na bei ihesabiwe kwa eneo linalobaki. Mkataba uandikwe na wakili, mke au mume wa muuzaji atie saini ya ridhaa kama Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inavyotaka, na ripoti ya mpimaji iwe kiambatisho. Malipo yagawanywe: sehemu siku ya kusaini, sehemu mnapokabidhiwa nyumba, na kiasi kinachouma, hata asilimia 20, kibaki kwa wakili hadi ramani ya upimaji iidhinishwe ikiwa na koodineti zilezile za ripoti. Muuzaji akikataa kipengele hicho, rudi ofisi ya mipango miji uangalie mchoro mara ya pili.