Nairobi hadi New York: majibu ya maswali yenu

*Tiketi ya mwanangu inaonyesha anaondoka Nairobi saa sita kasorobo usiku, anafika New York saa moja na nusu asubuhi. Kweli safari ni saa nane tu? (Mama, Thika)*

Hapana, mama. Saa ya kuondoka ni ya Nairobi, ya kufika ni ya New York. Wenzetu wako nyuma kwa saa saba wakati wa joto lao, na saa nane kuanzia Jumapili ya kwanza ya Novemba hadi Jumapili ya pili ya Machi. Kwa safari yake ya Agosti, ongeza saba juu ya hizo karibu nane: takriban saa 15 kitini, umbali wa kilomita 11,800 hivi. Akitua, kwako Thika itakuwa saa nane na nusu mchana. Usikeshe ukingoja simu.

*Mbona kurudi ni haraka zaidi? (Msomaji, Nakuru)*

Ni upepo. Kwenye kimo cha kilomita kumi hivi, juu ya Atlantiki, huvuma upepo mkali kutoka magharibi kwenda mashariki. Ndege ikienda hukutana nao uso kwa uso. Ikirudi husukumwa kama jahazi lililopata kusi likielekea kaskazini. Hapo huokoa kama saa nzima.

*Nikitua New York nina saa moja na nusu kabla ya ndege ya Minneapolis. Inatosha? (Msomaji, Eldoret)*

Haitoshi, na nakusihi ubadilishe mapema. Marekani hukaguliwa pasipoti kwenye uwanja wa kwanza unaotua, na foleni ya asubuhi huwa ndefu. Kisha unasubiri mabegi yako, hata kama yamebandikwa lebo ya Minneapolis, unapita nayo forodha, unayakabidhi upya. Baada ya hapo unavua viatu au mkanda ukiambiwa, unakaguliwa tena, na huenda ukapanda treni ya uwanjani kwenda jengo jingine. Tafuta nafasi ya saa tatu au zaidi. Tena safari yote iwe kwenye tiketi moja: ndege ya kwanza ikichelewa, shirika litakutafutia nyingine. Ukiwa na tiketi mbili tofauti, ya pili ikikuacha hasara ni yako. Nauli iliyopungua kidogo haistahili mashaka hayo, hasa ukiwa na watoto.

*Natokea Dar es Salaam. Nipitie Nairobi au Doha? (Msomaji, Kinondoni)*

Kwa umbali, Nairobi. Dar hadi New York kupitia Nairobi ni kama kilomita 12,500. Kupitia Doha inazidi 14,500, kwa sababu unaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki ilhali uendako ni magharibi. Ila angalia saa za kusubiri kabla hujalipa. Zikifika kumi Nairobi na mbili Doha, faida ya njia fupi imekwisha.