Harufu ya uvundo kwenye kiyoyozi cha gari

Pole, dadangu. Hiyo harufu ya nguo mbichi inayotoka ukiwasha kiyoyozi, hata ukifukiza udi itajificha siku mbili kisha irudi. Chanzo huwa ni kuvu. Ndani ya dashibodi kuna evaporeta, kile kipande kinachopoza hewa, nacho hutoka jasho kama gilasi ya maji baridi. Kwa unyevu wetu huu wa Malindi, tena masika, hakikauki upesi ukishazima gari.

Anza na filta ya hewa ya ndani. Kwenye Toyota nyingi iko nyuma ya kile kisanduku cha mbele ya abiria, waitoa kwa mkono tu. Ikiwa nyeusi, nunua mpya. Ya karatasi haioshwi. Kisha washa kiyoyozi dakika 10 uchungulie chini ya gari. Maji yasipodondoka, huenda mpira wa kutolea maji umeziba, basi papasa na kapeti kama limelowa. Fundi azibue, apulize na dawa ya kuvu kwenye evaporeta.

Langu nililiponya hivyo, na sasa dakika 5 kabla ya kufika nyumbani nazima ubaridi, feni naiacha ivume na hewa ya nje.